Jina la Daftarini

Mlioko Nachingwea mjini, mlioko Naipanga na Mnero, mlioko Ruangwa, Nandagala na Mbekenyera, na wewe uliyetundika redio kwenye tawi la mkorosho huku mikono inafanya kazi, karibuni. Leo nataka tuzungumze habari za watoto wetu wa kiume na shule. Nitaanza na kosa langu mwenyewe, halafu ndiyo nipate ruhusa ya kuwasema wengine.

Mwanzoni mwa miaka ya 1990 nilipangiwa kufundisha shule moja ya msingi pande hizi, wakati Ruangwa bado inahesabiwa Nachingwea. Nilikuwa mgeni, nimetoka mkoa ambao mtoto akitahiriwa anapelekwa zahanati asubuhi na jioni yuko nyumbani anakunywa uji. Basi ikawa siku ya kufungua shule baada ya likizo ya katikati ya mwaka. Baridi, vumbi, watoto wamejipaka mafuta mpaka yanachuruzika. Nikafungua daftari la mahudhurio la darasa la nne, nikaanza kuita majina. Nikafika kwa kijana mmoja. Nikaita. Kimya. Nikaita tena. Yupo, namwona, dawati la tatu upande wa dirishani, kaptura mpya, kichwa kimenyolewa kinang'aa. Ananitazama wala haitiki. Wasichana wamejiziba midomo wanacheka. Wavulana wawili watatu wameinamisha nyuso chini, kama vile mimi ndiye niliyevua nguo mbele yao. Nikaita mara ya tatu kwa ile sauti ya mwalimu mgeni anayetaka kuogopwa. Kijana akasimama, akasema taratibu, "Huyo hayupo, mwalimu."

Nikamchapa. Sikuhesabu.

Jioni mzee mlinzi wa shule akanifuata nyumbani, akakaa kwenye kibaraza, akazunguka na habari za mvua na nyani wa mashambani, ndipo akaja kwenye neno lake. "Mwalimu, umemtukana mtoto wa watu. Yule ametoka kumbini juzi, ametoka jandoni. Lile jina ulilomwita ni la utotoni, limebaki kule, limeungua pamoja na kumbi." Nikamwuliza, sasa nilipaswa kumwitaje? Akanitazama kama mtu anayemwonea huruma mwenye akili nyingi. "Ungemwuliza."

Jina lake la utotoni sitalitaja hapa redioni, kwa sababu sasa najua kulitaja ni kumvunjia heshima. Na la ukubwani sitalitaja vilevile, kwa sababu yu hai na ana watoto wake. Ninachoweza kuwaambia ni kwamba alikuja shule wiki mbili zaidi, akakoma. Mimi kwenye lile daftari, mbele ya lile jina lisilokuwa na mwenyewe tena, nikaandika kwa wino mwekundu: mtoro.

Miaka imepita, nimeoa huku, nimezika huku, sasa mimi ni mwenyeji kiasi cha kuweza kuyasema haya bila kuambiwa nirudi kwetu. Na nikilitazama jambo la watoto wa kiume wa Nachingwea na Ruangwa, kila ninapolishika naliona linarudi palepale kwenye lile dawati la tatu. Mtoto tunampa ukubwa, tunampa na jina la ukubwa, halafu hakuna anayemwuliza anaitwa nani.

Tuanze na jando lenyewe, kwa sababu watu wengi wakitoka mjini na magari yao na semina zao wanalilaumu jando kwa kila kitu. Wanasema jando linawatoa watoto shule. Kuna ukweli hapo. Zipo shule ambazo ngoma zikianza kulia madarasa yanapwaya, ndiyo maana siku hizi viongozi wanahimiza kumbi zipangwe wakati wa likizo. Lakini hebu tulitazame kwa ndani. Mvulana wa Kimwera, wa Kimakonde, wa Kiyao au wa Kimakua akiingia kumbini, hatupwi tu mle kama gunia. Anakuwa na mlezi. Kuna mtu mzima mmoja, anajulikana kwa jina, aliyekabidhiwa yule mwari: anampelekea chakula, anamwosha kidonda, anamfundisha nyimbo na adabu, na mtoto akipata homa usiku mtu wa kwanza kuulizwa ni yeye. Na siku wari wanapotoka, mlezi naye anatunzwa hadharani. Sasa niambieni, ni shule gani kati ya shule zetu ambayo kila mtoto ana mtu mzima mmoja atakayeulizwa mtoto huyo akipotea?

Wapo waliokwisha kuligundua hilo zamani sana. Vincent Lucas, mmisionari wa Kiingereza ambaye baadaye akawa askofu wa kwanza wa Masasi, hapa jirani, aliwakuta Wakristo wake wanawapeleka watoto kumbini kwa siri. Hakupiga marufuku. Alilichukua jando akaliingiza kanisani, kumbi zikawa na mapadri Waafrika na sala, kazi hiyo ikaanza hata kabla ya Vita Kuu ya Kwanza kupiga hodi. Unaweza kubishana naye kwa mengi, na wazee wa mila walibishana naye. Lakini alielewa kwamba mahali ambapo mvulana anakubali kusikiliza ndipo pa kumfuata.

Kasoro iko baada ya kumbi kuungua. Wazee wananieleza kwamba zamani kijana aliingia jandoni ndevu zinachungulia. Akitoka, yuko tayari kujenga nyumba na kulima lake. Siku hizi anaingia ana miaka saba, minane, kumi. Uanaume umeshushwa umri, lakini kazi za uanaume na maarifa yake hayakushuka pamoja nao. Mtoto wa miaka kumi anaambiwa wewe sasa mkubwa, usilale nyumba ya mama yako, usikae jikoni, usilie. Anajengewa kijumba cha udongo pembeni, geto, akalale na wenzake. Mlezi wake kazi yake imekwisha, amekwishapewa khanga yake na kuku wake. Baba anajua mtoto amekua. Mama anaogopa kumgombeza mtu mzima. Na kesho yake asubuhi huyu mtu mzima anatakiwa aende mstarini, achunguzwe kucha, aketi mbele ya mwalimu wa kike aliyemzidi miaka kumi na miwili tu, aambiwe "soma kwa sauti", naye kusoma hajui.

Hapo ndipo penye kidonda, wasikilizaji. Walimu wa kike wanalalamika kwamba wavulana wakitoka jandoni wanawajibu ovyo. Ni kweli, nimeyaona. Ila nimeona na jambo jingine: wanaojibu ovyo zaidi ni wale wasiojua kusoma. Anayejua kusoma ana kitu cha kujivunia darasani. Asiyejua hana kingine isipokuwa ule ukubwa aliopewa porini, basi anautumia huohuo kama ngao. Mwalimu akimwita mjeuri, amefurahi. Afadhali aitwe mjeuri kuliko ajulikane kwamba ile "ba be bi bo bu" ilimpita akiwa anawinga nyani shambani.

Halafu kuna mjomba. Nyinyi wenyeji mnalijua hili kuliko mimi, mniwie radhi nikilieleza kwa ajili ya wasikilizaji wa mbali. Huku kwetu ukoo kwa asili unafuata upande wa mama. Mwenye sauti juu ya mtoto ni kaka wa mama yake. Baba ni mtu wa heshima, lakini neno la mwisho lilikuwa la mjomba. Ulikuwa utaratibu mzuri wenye mantiki yake. Sasa utaratibu huo umelegea na mwingine haujakaza. Mjomba yuko Dar es Salaam, au ana watoto wake na ada zake. Nimekaa kwenye vikao vya wazazi nikasikia mwenyewe: baba anasema, "Mwulizeni mjomba wake." Mjomba anapigiwa simu anasema, "Kwani baba yake amekufa?" Na mtoto anaishi kwa bibi, mama yake mama, ambaye ndiye aliyekuja kikaoni, amekaa mwisho kabisa kwenye kiti kilichochomoka mguu, hakuulizwa kitu.

Msimu nao unaingia kati. Kuanzia Juni mikorosho inapigwa dawa dhidi ya ugonjwa wa ubwiriunga. Nani anabeba mashine mgongoni na kutembea ndani ya wingu la salfa tangu alfajiri? Vijana, na baadhi yao sare zao ziko zimetundikwa nyumbani. Utawakuta darasani mchana macho mekundu kama ya mtu aliyetoka kulia, na wao kulia wamekatazwa. Ikifika Oktoba minada inafunguliwa, magunia yanaingia kwenye maghala ya vyama vya msingi, hela zinaonekana mjini, muziki unapigwa mpaka asubuhi. Na pembeni ya njia rasmi kuna kangomba, ununuzi wa korosho wa magendo. Mvulana anaokota korosho chini ya mti wa babu yake, anatenga bibo huku na punje huku, anajaza bakuli, anakwenda kwa mnunuzi wa kujificha nyuma ya kibanda cha simu, anapewa noti. Noti ile ni ndogo, ameibiwa mchana kweupe, lakini amepewa papo hapo, mkononi, na mtu aliyemwita "kaka". Shule imemwita nini wiki nzima? Sisemi kangomba ni halali. Nasema yule mnunuzi wa kangomba amemzidi mwalimu ujanja kwa neno moja.

Niweke tarakimu kidogo, wanaopenda tarakimu wapate lao. Mwaka 2022 Baraza la Mitihani lilisajili watahiniwa 1,384,340 wa darasa la saba nchi nzima. Wasichana walikuwa 723,064. Wavulana 661,276. Tofauti yao ni zaidi ya watoto elfu 61. Wale wavulana waliopungua hawakuzaliwa pungufu. Waliacha njiani, au hawakufika huko pamoja na wenzao. Na hii ni miaka sita na zaidi tangu sera ya elimu bila malipo ianze Januari 2016, kwa hiyo tusiseme ni ada.

Lakini subiri, usiruke. Kila nikitaja namba hizi kuna bwana mmoja atapiga simu aseme, "Mnaona! Wasichana wamependelewa, mtoto wa kiume kasahaulika." Hapana, ndugu yangu. Mtoto wa kike wa Ruangwa amepigania kila dawati alilokalia. Mpaka Novemba 2021 akipata mimba mlango ulifungwa na hakuna wa kuufungua. Alichopata ni watu walioamua kumfuatilia: mabweni, walimu wa malezi, mashirika, mama zake waliojifunza kuuliza "leo umesoma nini". Kumfuatilia kaka yake hakumpunguzii yeye kitu. Tena atakuja kuolewa na nani, kama si na hawa tunaowaacha kwenye vijiwe vya bodaboda?

Sasa nataka niende mbali kidogo na nyumbani, halafu nirudi. Wavulana wa kwetu wanabeba mzigo mwingine wakivuka Rufiji. Neno "machinga" mnalijua. Nchi nzima inalitumia kwa mtu anayetembeza bidhaa mkononi. Wamachinga ni watu, ni kabila la hapa Lindi. Vijana wao na jirani zao walipokwenda Kariakoo kutafuta maisha, jina la kabila likageuka kuwa jina la umaskini wa mtaani. Fikiria wewe jina la babu yako liwe la mtu anayekimbizwa na mgambo. Na zile kejeli, mtu wa kusini mzito, mtu wa kusini wa kulinda geti, kijana anazikuta mjini zikimsubiri. Akirudi Desemba na redio na miwani ya jua, anawaletea wadogo zake na zile kejeli vilevile, kama mzaha. Mtoto wa darasa la tano anajifunza kujicheka kabla hajajijua.

Ninapowaza hivyo hukumbuka Farm 17. Wengi mnapita pale hamsimami. Mwingereza alikuja baada ya Vita Kuu ya Pili na mpango wake wa karanga, mwaka 1947, akafyeka mapori ya Nachingwea kwa matrekta, akatandika reli kutoka pwani, mwaka 1951 akaacha. Reli nayo ikang'olewa baadaye. Yaliyobaki ni mashamba yenye namba. Katika shamba la namba 17 FRELIMO, wapigania uhuru wa Msumbiji, wakaweka kambi katikati ya miaka ya 1960, na msimamizi wake akawa Samora Machel, mtu ambaye kazi aliyosomea ilikuwa uuguzi wa hospitali. Walioletwa pale walikuwa vijana weusi kutoka kila pembe ya Msumbiji. Mreno alikuwa amewaambia tangu utotoni kwamba wao si watu kamili mpaka wafanane naye. Wengi walikuwa hawajui kusoma. Hawakusikilizana lugha.

Kwa hiyo bunduki haikutosha. Kambi ile ilikuwa na shamba, ilikuwa na darasa. Waliwachanganya makabila kwa makusudi, mtu wa kusini alale jirani ya mtu wa kaskazini. Anayejua herufi akamfundisha asiyejua. Mwaka 1967 wakaingia wanawake 25 kupata mafunzo ya kijeshi palepale, miongoni mwao Josina, ambaye baadaye aliolewa na Samora. Tafakari hilo kidogo: vijana waliopita jandoni, wa Mueda na kwingineko, wanajifunza bega kwa bega na wanawake katika ardhi ya Nachingwea, na uanaume wao haukupotea popote. Juni 25, 1975 nchi yao ikawa huru. Kabla ya hapo Samora alikuwa ameanza safari yake ya kurudi kutoka huku kwetu kusini. Mimi sijapata kukutana na mtoto wa darasa la saba wa Nachingwea aliyenisimulia habari hiyo bila kuulizwa mara tatu. Tunawaambia habari za Mkutano wa Berlin na ukoloni mamboleo, hatuwaambii kwamba umbali wa baiskeli kutoka madawati yao watu walioambiwa hawawezi walijifunza kuweza.

Na si wao tu. Kule Marekani alikuwepo mtu akiitwa Bob Moses, mzaliwa wa Harlem, mmoja wa viongozi wa kudai haki ya weusi kupiga kura huko Mississippi mwaka 1964. Mambo yalipomwelemea alikuja Tanzania, yeye na mkewe, akafundisha hesabu sekondari ya Same, Kilimanjaro, kuanzia mwaka 1969 kwa miaka kadhaa. Aliporudi kwao alianzisha, mwaka 1982, mradi wa kuwafundisha aljebra watoto weusi ambao shule zao zilikwisha kuamua kwamba hesabu si fungu lao. Hoja yake ilikuwa kwamba mtoto aliyefungiwa nje ya hesabu amefungiwa nje ya uraia, sawa na yule aliyenyimwa kura. Alifariki mwaka 2021. Ninachompendea ni njia yake: alianza kwa kuwapandisha watoto treni ya mjini, wakirudi wanaichora safari waliyopita, stesheni baada ya stesheni, mbele na nyuma, na kutoka hapo ndipo namba chanya na hasi zinazaliwa. Sisi hatuna treni, tulikuwa nayo ikang'olewa. Lakini tuna mizani ya ghala. Mvulana anayejua kwamba mizani ya kangomba imempunja amekwisha kupiga hesabu ya kutoa. Anachokosa ni mwalimu wa kumwambia kwamba ile ndiyo hesabu.

Kuna wanaosema vijana wa Ruangwa wana mifano ya kutosha. Ni kweli. Kassim Majaliwa, mtoto wa huku, mwalimu kwa taaluma, aliteuliwa Waziri Mkuu Novemba 2015, akashika kazi hiyo mpaka 2025. Namungo, timu ya Ruangwa, ilipanda Ligi Kuu mwaka 2019, mwaka uliofuata ikafika fainali ya Kombe la Shirikisho la Azam na baadaye hatua ya makundi ya Kombe la Shirikisho Afrika. Siku zile, watoto walikuwa wanatembea vifua mbele kwa sababu tu mtangazaji wa Dar es Salaam ametamka "Ruangwa" bila kucheka. Hilo si dogo. Lakini Waziri Mkuu hawezi kujua kwamba wewe Jumanne hukwenda shule. Mfano wa mbali unamwonyesha mtoto kwamba inawezekana. Wa kumwambia "hata wewe" lazima awe mtu anayemfahamu.

Tukiguse na kiboko, nisije nikaonekana nakwepa. Mkubwa akishika fimbo hakosi methali: samaki mkunje angali mbichi. Sawa. Lakini kanuni za nchi zinasema viboko visizidi vinne, mwenye mamlaka ni mwalimu mkuu au aliyemwidhinisha kwa maandishi, na kila adhabu iandikwe kitabuni. Mimi sikuwa nimeidhinishwa na mtu, wala kitabu chenyewe sikukiona. Na wenzangu wengi hivyo hivyo, tusidanganyane, nchi hii mtoto amewahi kufa mikononi mwa mwalimu na kesi ikaenda mahakamani. Mvulana wa kwetu akichapwa halii. Ametoka kufundishwa kwamba kutolia ndiyo mtihani wenyewe. Kwa hiyo mwalimu anaongeza, kwa sababu haoni dalili ya kuumia, na mtoto anazidi kukaza, kwa sababu anaona anafaulu. Wote wawili wanaondoka pale wameshinda, na shule imempoteza mtu.

Mnaniuliza tufanyeje. Mimi si serikali. Serikali ina mitaala mipya iliyoanza 2024 na mkondo wa amali, fundi atoke shuleni na ufundi wake, na hilo litawasaidia wavulana wengi kama karakana zitakuwa na vifaa, si picha za vifaa ubaoni. Wale waliokwisha kuacha wana MEMKWA, mpango wa elimu ya msingi kwa waliokosa, kwa shule zinazoifundisha kweli. Langu mimi ni dogo, na nimelichukua kumbini. Mlezi asiagwe siku ya ngoma. Mtu yuleyule aliyemwosha mwari kidonda, jina lake liandikwe shuleni, pembeni ya jina la mtoto, na namba yake ya simu. Mtoto akikosa siku mbili, apigiwe yeye. Asiwe na kazi kubwa, kila Ijumaa amwulize mwanawe wa kumbini, "Nionyeshe daftari." Hata kama yeye mwenyewe hajui kusoma, atayaona yale masahihisho mekundu na atajua pa kuuliza. Wasiotahiriwa kumbini wapewe mlezi vilevile, fundi baiskeli, muuza maandazi, mwanamume kwa mwanamke. Tena nasisitiza mwanamke, ili mvulana azoee mapema kusikiliza sauti ya kike isiyo ya mama yake. Na awe mtu ambaye kijiji kizima kinajua kwamba ndiye, mazungumzo yao yawe uani mbele za watu, maana si kila mtu mzima anafaa kukabidhiwa mtoto. Hilo nalo tuliseme wazi.

Mzee mmoja wa Mnacho nilimweleza wazo hili akacheka. "Mwalimu, hiyo ndiyo ilivyokuwa. Mlezi alikuwa haachi mpaka kijana anaoa. Nyinyi wenye shule ndio mlitwambia shughuli za mtoto sasa ni zenu."

Nilinyamaza. Nilikuwa sina jibu.

Yule kijana wangu wa dawati la tatu nilionana naye mwaka jana, stendi ya Nachingwea, mimi nashuka na begi langu, yeye kakaa juu ya pikipiki yake akisubiri abiria. Nywele zimeanza kuingia mvi pembeni. Akaniamkia yeye kwanza, "Shikamoo mwalimu," akanipokea begi. Tukaenda. Njiani akaniambia mtoto wake wa mwisho anaanza darasa la kwanza Januari, na kwamba alikwenda mwenyewe kumwandikisha, hakumtuma bibi. Akafunga breki mbele ya nyumba yangu, akakataa nauli. Nikasimama pale na hela mkononi, mtu mzima na mvi zangu, nikamwuliza jambo nililopaswa kumwuliza zaidi ya miaka thelathini iliyopita. Akanitajia jina lake. Nikalirudia vibaya, akanisahihisha, nikalirudia tena.